Jinsi ya kupata mkutano wa AA na kuuhudhuria mara ya kwanza

Kabla ya kutafuta mkutano wa AA, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, jiangalie asubuhi. Kama umekuwa ukinywa kila siku na mikono inatetemeka mpaka uzimue ndipo uweze kushika kikombe, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kutetemeka na kutoka jasho huanza masaa 6 hadi 24 tangu ulipokunywa mara ya mwisho. Degedege inaweza kukupata ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, hupandwa na homa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua watu. Pitia hospitali kwanza, umwambie daktari kiasi halisi unachokunywa bila kukipunguza, maana dawa atakayokupa inategemea jibu hilo. Kikundi hakina daktari wala dawa. Wengi humudu siku tano bila pombe. Kinachowaangusha ni wiki ya tatu, mshahara ukishaingia, na hapo ndipo kikundi kinapofanya kazi.

Kikundi kilichoenea zaidi ni AA, yaani Alcoholics Anonymous, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, walevi wawili walipogundua kwamba kuzungumza wenyewe kwa wenyewe kunawazuia kunywa. Sharti la kujiunga ni moja tu: uwe unataka kuacha. Hakuna ada wala fomu ya kujaza.

Kutafuta si kugumu ukijua pa kuuliza. AA ina programu ya simu ya bure iitwayo Meeting Guide, inayoonyesha mikutano iliyo karibu nawe, kama imeorodheshwa humo, na ya mtandaoni. Kenya, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ueleze uko mji gani. Hospitali zenye kitengo cha afya ya akili na vituo vya kurekebisha waraibu navyo hujua mikutano ya jirani. Tanzania, waulize wahudumu wa soba hausi, yaani nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha ulevi, kwa sababu wanaotoka humo huendelea na mikutano wakiwa uraiani.

Ukipata anwani, usipande gari hapo hapo. Orodha za mtandaoni huchelewa kurekebishwa, na kikundi hubadilisha chumba au siku. Piga simu au tuma ujumbe uulize: mkutano bado upo? Chumba gani? Unaendeshwa kwa lugha gani? Ni wa wazi, ambao hata ndugu yako anaweza kuingia, au ni wa walevi peke yao? Hakikisha na saa pia: 6:30 iliyoandikwa kwa mtindo wa Kiingereza ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na si ajabu mgeni akafika mchana akakuta mlango umefungwa, akarudi moja kwa moja baa.

Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa. Kikundi hutumia tu chumba. Mwislamu huingia, na asiye na dini huingia. Langoni mwambie mlinzi unaenda "mkutano wa AA". Inatosha, huna haja ya kumweleza zaidi.

Fika dakika 15 kabla. Dakika hizo, viti vikipangwa na chai ikimiminwa, ndizo utakazosalimiwa na mtu bila macho ya wengi. Ukiwa umekunywa siku hiyo bado unaweza kuingia, ila kaa usikilize tu. Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mwenyekiti hufungua, hatua 12 ambazo AA huzifuata katika kuacha pombe husomwa, kisha watu huzungumza kwa zamu, kila mmoja dakika chache. Hakuna anayemkatiza mwenzake wala kumpa ushauri. Zamu ikikufikia sema, "Naitwa fulani, leo nimekuja kusikiliza." Jina moja linatosha. Kikapu kikipita, mgeni si lazima atoe chochote. Mwishoni wengi husimama duara na kusema sala fupi ya kuomba utulivu. Usipotaka, nyamaza tu.

Sasa sehemu ambayo wageni wengi huiharibu: mkutano ukiisha, wao ndio wa kwanza mlangoni. Baki. Omba namba tatu za simu, za watu wa jinsia yako, waliokaa bila pombe mwaka mmoja au zaidi, na uwapigie siku inayofuata hata kama huna shida. Mtu ambaye hajawahi kupiga namba hiyo akiwa mzima hataipiga saa nne usiku kiu ikimkaba. Baadaye mmoja wao anaweza kuwa mdhamini wako, atakayekupitisha kwenye zile hatua. Akikuomba pesa au akikukopa, tafuta mwingine.

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Nenda mara sita, ikiwezekana vikundi viwili tofauti, kwani kimoja huweza kujaa wazee waliostaafu na kingine vijana. Mtego wa kawaida ni kujilinganisha: "Huyu alilala mtaroni, mimi bado nina kazi." Sikiliza yale mnayofanana. Panga na njia ya kurudi: kama stendi yako iko mkabala na baa uliyoizoea, shuka kituo cha mbele utembee. Ukiteleza ukanywa, rudi mkutano unaofuata ukaseme. Hakuna atakayekufukuza.

Familia ina kikundi chake, Al-Anon, na mke au mume anaweza kuanza hata kama mnywaji amekataa.

Mjini kwenu kukikosekana mkutano, hudhuria wa mtandaoni, na umtafute mwenzako mmoja anayetaka kuacha. Watu wawili au watatu wanatosha kujiita kikundi cha AA: chumba tulivu, siku moja isiyobadilika, saa ile ile, na mlango ufunguliwe hata siku ambayo amekuja mmoja.