Somo: Kupata chumba cha mazoezi ya bendi Dar bila kuumizwa na kodi, majirani wala umeme

Wakuu, kila wiki kuna anayeuliza "nipate wapi sehemu ya mazoezi ya bei nafuu", na kila wiki majibu ni yale yale. Naweka yote hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta huku. Mfano wangu ni bendi ya watu watano au sita: drams, bezi, gitaa mbili, kinanda na waimbaji.

Hatua ya 1. Hesabuni watu, vyombo na saa mnazohitaji kwa mwezi.

Hatua ya 2. Amueni kama mtalipa kwa saa au mtapanga kwa mwezi. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa tatu kila mara, ni saa 24 kwa mwezi. Mkitajiwa 15,000 kwa saa, hiyo ni 360,000. Chumba cha 200,000 kwa mwezi kinaonekana rahisi mpaka uongeze LUKU, mlinzi, grili na mwezi mmoja wa dalali, halafu mwenye nyumba adai miezi sita kwa mpigo: 1,200,000 taslimu kabla hamjapiga hata noti moja. Chini ya saa 20 kwa mwezi, lipeni kwa saa. Namba hizi ni za kufundishia hesabu tu, wekeni za kwenu.

Hatua ya 3. Pa kutafuta. Anzeni na baa zenye ukumbi, maana Jumatatu hadi Alhamisi mchana viti vimepinduliwa juu ya meza na hakuna mteja. Bendi za dansi mjini zimeishi hivyo miaka yote: mnafanya mazoezi kwa kulipia umeme tu, na mwenye baa mnampigia bonanza la Jumapili. Andikianeni bonanza ni ngapi kwa mwezi na vyombo vinalala wapi. Baada ya hapo: makanisa yenye vyombo vya kwaya kama mnapiga injili, madarasa ya shule binafsi wakati wa likizo, na magodauni na karakana za Keko, Chang'ombe na Mikocheni viwandani, ambako mafundi wengi wakishafunga jioni hakuna wa kumsumbua. Msivisahau vituo vya sanaa: Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu 2008, na walio upande wa Bagamoyo wana TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko nendeni wenyewe mkaulize ratiba na masharti. Dalali mwambieni tangu mwanzo kwamba ni drams na spika. Akimwambia mwenye nyumba "ni ofisi", mtatolewa wiki ya kwanza.

Hatua ya 4. Ukubwa. Mita 4 kwa 5 zinatosha, drams peke yake zikichukua 2 kwa 2. Kimbieni chumba cha mraba. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinavuma kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 57 hivi, na waya wa A wa gitaa la bezi ni hezi 55. Kila mara mpiga bezi akiugusa waya huo chumba kizima kinanguruma, noti nyingine zinapotea, na mtamlaumu mpigaji bure.

Hatua ya 5. Nendeni na drams za kujaribia. Mmoja apige snea (ngoma ndogo kali) na kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwa nguvu, mwingine azunguke nje mpaka kwenye ukuta wa jirani. Usitazame unene wa tofali, tazama matundu: vitundu vya hewa juu ya dirisha, dirisha la aluminiamu la kuslaidi, nafasi chini ya mlango. Tundu likiwa asilimia 1 tu ya ukuta, ukuta wote hauzuii zaidi ya desibeli 20, hata uwe wa tofali la inchi 6. Kisha inua macho kwenye dari. Nyumba nyingi ukuta wa kati unaishia kwenye linta, juu yake ni jipsamu na mabati, hivyo sauti inapanda darini na kushukia chumba cha pili kana kwamba ukuta haupo. Na kama hakuna dari kabisa, masika mtakaa mkisubiri mvua ikatike.

Hatua ya 6. Umeme. Hatua hii niliwahi kuiruka, ndiyo maana naiandika ndefu. Chumba kinaweza kuwa kikubwa, nafuu na kimya, na bado kikamuua mwimbaji. Gitaa limeunganishwa na amplifaya, na maiki imeunganishwa na mikisa. Soketi isipokuwa na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), umeme unaovuja kwenye amplifaya unakaa kwenye nyuzi za gitaa. Mpigaji anashika nyuzi, anasogeza midomo kwenye maiki, na yeye ndiye anakuwa waya.

Dalili: mchomo mdogo mdomoni ukigusa maiki huku umeshika nyuzi. Mchomo huo si kitu cha kuzoea. Na lile jambo la kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, likome kabisa: tundu hilo ndilo la ethi, na amplifaya iliyotengenezwa iwe na pini tatu mmeiondolea kinga yake.

Kabla ya kulipa hata shilingi, nendeni na fundi umeme mwenye mita. Apime soketi moja moja huku feni, taa na vyombo vyote vimewashwa:
- Moto (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha): volti 220 hadi 240. Ikishuka chini ya 200, kinanda na mikisa za kidijitali zinaweza kujizima na kujiwasha katikati ya wimbo.
- Moto na ethi: karibu sawa na hiyo ya kwanza. Ikisoma sifuri au namba ya ajabu kama 90, ethi haipo.
- Nyutro na ethi: volti 2 au 3, isizidi.

Ethi ikikosekana, mwenye nyumba achimbie ethi rodi mpya na afunge breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Akikataa, tafuteni chumba kingine. Mkishahamia, vyombo vyote vitoke kwenye soketi moja ili mngurumo upungue, msizidishe wati 3,000 kwa plagi ya ampia 13, na ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote. Ikibaki imejiviringa inapata joto mpaka plastiki inayeyuka.

Hatua ya 7. Jitambulisheni kwa mjumbe, mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote kabla ya siku ya kwanza. Mzime saa 3 usiku. Sheria ya kelele ipo na NEMC, watu wa mazingira, wanaisimamia.

Hatua ya 8. Mkataba wa maandishi utaje neno "muziki" na saa za mazoezi.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu chumba cha mazoezi Dar ni bei gani?

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau wa Morogoro: Shikamoo mkuu. Tumebandika trei za mayai ukuta mzima ila jirani bado analalamika. Tumekosea wapi?

Jibu: Marahaba ndugu yangu, swali zuri. Trei haizuii sauti kutoka. Inapunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu, ndiyo maana ndani mnaona pametulia huku jirani anasikia kiki ile ile. Kinachozuia ni uzito na kuziba matundu. Zibeni vitundu vya hewa kwa saruji, wekeni mlango wa mbao nzito wenye mpira pembeni na chini, dirisha mlijengee kwa tofali. Mkiziba hivyo mtahitaji AC na njia ya kuingiza hewa safi, la sivyo hamtamaliza saa moja. Halafu trei hizo zitoeni, maana ni makaratasi: cheche moja na chumba kimeondoka. Sponji la godoro ndiyo baya zaidi, moshi wake una sumu. Kwa mwangwi tumieni mazulia mazito na mapazia.

Mdau wa Temeke: Hatua ya umeme umetia chumvi. Sisi tunapiga na kalamu miaka yote, hakuna aliyekufa.

Jibu: Sijatia chumvi. Mwambie fundi apime mwili wa amplifaya yako na ethi ya kweli, kisha ulete namba hapa. Bila namba sina la kujadili nawe.

Mdau wa Tanga: Assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha taarab, watu 14, fidla, ganuni, akodiani na wanawake wa kuitikia. Chumba hicho cha mita 4 kwa 5 hakitutoshi. Tutazame nini?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Hesabuni mita 2 za mraba kwa kila mtu, yaani 28 na zaidi, na fidla waongezeeni nafasi ya mkono wa upinde. Ninyi mwangwi kidogo ni rafiki, hivyo darasa lenye dari ya juu linawafaa kuliko chumba kilichojaa mazulia. Piga kofi moja katikati: sauti ikifa taratibu ni sawa, ikirudi kama mlio wa chuma, tundikeni kanga au mikeka ukuta mmoja tu. Ganuni isikae chini ya feni wala AC, tyuni inahama kila dakika.

Mdau wa Kigamboni: Nje kidogo ya mada: nyuzi zetu zinapata kutu ndani ya wiki mbili.

Jibu: Chumvi ya bahari na jasho. Futa kila waya kwa kitambaa kikavu cha pamba ukimaliza, juu na chini, na gitaa lilale ndani ya begi. Jeki za kebo nazo zifuteni, nyingi zinazokwaruza zina kutu tu. Na jingine kwa wote, masikio: drams kwenye chumba kidogo zinafika desibeli 100, na kiwango hicho sikio linastahimili robo saa kwa siku. Vizibo vya masikio vipo famasi.

Mdau wa Temeke: Nimempeleka fundi. Moto na nyutro 228, nyutro na ethi 41. Hii ikoje?

Jibu: Asante kwa kupima, kaka. 41 ni mbaya. Ama ethi imekatika, ama nyutro imelegea mahali. Zima meni swichi sasa hivi na usichomeke kitu. Fundi aanzie kwenye ethi rodi nje, mara nyingi klampu imeoza, kisha akaze nyutro kwenye breka. Kama nyumba ina fezi tatu na nyutro imelegea, volti zinaweza kupanda kuelekea 400 na kuunguza kila kitu. Tatizo likiwa kabla ya mita, waiteni TANESCO, fundi wenu asiguse. Akimaliza apime tena huku vyombo vimewashwa, ulete namba zote tatu.