Gari la zamani kabla ya ukaguzi wa mwaka: anzia chini

Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikikaribia, na ukaguzi wa magari nao ukiwadia, gereji za Ngamiani hapa Tanga hufurika. Kila mtu anataka indiketa iwake leo leo, fundi umeme hapati hata nafasi ya kunywa chai, na mitungi ya kuzimia moto inapita mkono hadi mkono. Nawaandikia mapema wenzangu tunaoendesha magari ya miaka 15, 20 na zaidi. Jipeni wiki tatu. Spea ya gari kuukuu huenda isipatikane Tanga siku unayoihitaji, na ikiagizwa Dar es Salaam lazima iingojewe.

Kwanza tujue gari limetoka wapi. Mengi ya magari yetu yameanzia Japani. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama yake. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo hupanda. Hapo wengi huona heri waliuze. Kwa hiyo gari linaweza kukufikia rangi inang'aa, viti safi, na huku chini kuna matengenezo ambayo mwenyewe wa kwanza hakutaka kuyagharamia. Uingereza, ambako gari huanza kukaguliwa kila mwaka likifika miaka 3, magari huanguka zaidi kwa taa, springi na shokapu, breki na matairi. Ni mambo yaleyale yanayotuangusha sisi.

Kwa hiyo anzia chini. Tanga tunaishi na chumvi. Gari linalolala nje Raskazone au Chumbageni hupigwa na upepo wa bahari usiku kucha, na anayekwenda Pangani mara kwa mara akaegesha mchangani hurudi na chumvi ndani ya mikunjo ya bati. Mpe fundi alipandishe, kisha ugongegonge kwa mpini wa bisibisi chini ya milango, kwenye chesisi, na pale shokapu zinaposhikia bodi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa mlio mfu, na pengine ukiigeuza bisibisi ncha yake huzama. Angalia pia mabomba ya breki yanayopita chini kwenda nyuma, maana ni ya chuma, na yakishaliwa na kutu hutoboka siku unapokanyaga kwa nguvu. Usikubali kupakiwa ile rangi nyeusi ya lami juu ya kutu. Gari litapendeza kwa mwezi mmoja huku kutu ikiendelea kula ndani, na mkaguzi mzoefu akiona lami mbichi ndipo anapoinama zaidi. Sehemu iliyooza ikatwe, ichomelewe bati jipya, ndipo ipakwe.

Ukiwa hukohuko chini, shika mipira. Bushi na mipira inayofunika boljointi, yaani viungo vya magurudumu, huzeeka kwa miaka hata kama gari halijatembea sana, kwa hiyo usijifariji kwa kilomita chache kwenye dashibodi. Mpira uliopasuka huingiza mchanga, na boljointi huanza kucheza. Gari likiwa kwenye jeki, shika tairi juu na chini ulitikise. Halafu lishike kushoto na kulia. Likicheza upande wowote, kuna kazi hapo, na ukiimaliza fanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, la sivyo matairi mapya yatalika upande mmoja kabla mwaka haujaisha.

Breki nitazikalia kidogo. Washa injini, kanyaga pedali na uishikilie kwa mguu dakika nzima. Ikizama polepole kuna uvujaji mahali, au mpira wa pampu kubwa umechoka. Vua magurudumu ya nyuma uone kama ndani ya ngoma za breki kuna unyevu wa mafuta. Kisha ulizia mafuta ya breki yamebadilishwa lini, kwani ni wachache wanaokumbuka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani unyevu inao. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 140. Hapa mjini hutaona tofauti. Utaiona ukitoka Lushoto na familia, unateremka Soni kuja Mombo, kona juu ya kona, breki zimepata moto na pedali inakuwa laini kama sifongo. Badilisha kila baada ya miaka 2.

Hendibreki ndiyo iliyoniangusha mimi mwaka wa kwanza wa Corolla yangu. Taa zote zilikuwa zinawaka, matairi mazuri, nimejaa matumaini. Mkaguzi akaniambia niivute, akalisukuma gari kwa mkono, likaenda. Tanga mjini ni tambarare, na gari la otomatiki tunaliweka P, gia ya kuegesha, tukashuka bila kuivuta. Waya wa hendibreki ukikaa miezi bila kuvutwa hushikana kwa kutu ndani ya ala yake. Tangu siku ile naivuta kila ninapoegesha. Wewe ijaribu leo: tafuta mwinuko mdogo, weka gia huru (N) huku mguu ukiwa kwenye breki, ivute, kisha achia pedali taratibu. Lisisogee hata kidogo.

Matairi, usitazame kashata tu, yaani meno ya tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililokaa miaka kumi juani lina nyufa hata kama halijawa kipara. Ukikuta limeandikwa STUDLESS, hilo ni la theluji. Mpira wake laini hautakiwi kwenye lami ya moto ya kwenda Segera. Japani na Uingereza kina cha mwisho cha kashata ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vijivimbe vya kukuonyesha. Kashata ikifikia usawa wa vijivimbe hivyo, kazi imekwisha. Na naomba tuiache ile tabia ya kuazima matairi ya siku ya ukaguzi na kuyarudisha jioni. Stika inabaki kwenye kioo, na mwanao anapanda gari lenye kipara.

Taa ni kazi ya jioni moja. Rudisha gari karibu na ukuta giza likianza kuingia, kanyaga breki, washa indiketa, weka rivasi, tazama mwanga ukutani. Vioo vya taa vilivyogeuka njano kwa jua visuguliwe kwa msasa laini wa maji na kung'arishwa. Usitie balbu za mwanga mkali kwenye taa isiyotengenezewa balbu hizo, unawapofusha wanaokuja. Wipa, honi, mikanda yote pamoja na ya nyuma, ufa kwenye kioo mbele ya dereva: pitia kwa haraka, lakini pitia.

Makaratasi yana mtego mmoja kwa magari ya zamani. Injini ikishabadilishwa, au rangi, kadi ya gari nayo inatakiwa ibadilishwe TRA, Mamlaka ya Mapato. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi wewe mwenyewe, kwa macho yako, kabla hazijalinganishwa na mwingine. Bima iwe hai, faini ziwe zimelipwa, na pembetatu na mtungi wa moto viwe vyako.

Siku moja kabla, osha chini ya gari kwa maji baridi na ufute mafuta kwenye injini, ili uvujaji mpya uonekane kwako kwanza. Asubuhi ingia na daftari. Ukiambiwa kuna kasoro, omba uonyeshwe kwa kidole, andika hapohapo mbele ya mkaguzi, kisha mpelekee fundi karatasi hiyo na umwambie aanze na ya breki.