Somo: maji mpaka nyuzi 100, gesi ya mtungi inachemka kwenye baridi, kwa nini?

Wakuu, dogo wangu yuko fomu faivu kaniuliza hili jana, nikaona niliweke hapa kabisa.

Kabla ya yote futa kichwani kwamba kitu kikichemka molekuli zinavunjika. Mvuke wa maji ni H2O ileile, kilichoachia ni mvutano kati ya molekuli na jirani yake tu. Wakishikana sana, moto mwingi. Wakishikana kidogo, moto kidogo. Kujua wanashikana kiasi gani, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: tafuta H (haidrojeni) iliyoungana moja kwa moja na O (oksijeni), N (naitrojeni) au F (florini). Ikiwepo kuna bondi ya haidrojeni, yaani H hiyo inavutana kwa nguvu na molekuli jirani, na kwa molekuli ndogo hiyo ndo baba lao.

Hatua ya 2: hakuna? Cheki kama molekuli ina upande chanya na upande hasi, yaani ni pola. Hapo mvutano upo ila wa kawaida.

Hatua ya 3: mvutano wa London (ni jina la mtu, Fritz London, sio jiji jamani) uko kwenye molekuli zote, na unaongezeka elektroni zikiwa nyingi. Ona nyuzi zinazochemkia: methani −162, propani −42, butani karibu −1 (hizi mbili ndo gesi ya mtungi), heksani 69.

Sasa linganisha zenye uzito unaokaribiana: propani (44) −42, dimethili etha (46) −24, ethanoli (46) 78. Hizo mbili za mwisho fomula ni moja, C2H6O, ila ethanoli ina O-H na mwenzake hana, tofauti nyuzi 102! Mtihani unapenda sana hapa.

Maswali ya wadau

– Mkuu H2S ni nzito kuliko maji mbona ni gesi?
Salfa haivuti elektroni kama oksijeni, so bondi ya haidrojeni hapo ni kama haipo. Inachemka −60.

– HF je? Bondi yake si kali kuliko ya maji, mbona nyuzi 20 tu?
Swali zuri. Ina H moja, maji yana mbili, kwa hiyo molekuli ya maji inaweza kushika majirani wanne na HF wawili hivi. Idadi nayo inahesabika.

– Mtungi ukiutikisa unasikia kimiminika, mbona hakichemki?
Presha imekibana. Ukifungua koki presha inashuka kinachemka, na joto kinalichota kwenye chuma, ndo maana ukipika sana mtungi unakuwa wa baridi, ushike uone.