Somo: Nguo imeshikwa wapi? Kuchora mitindo na kupanga mavazi kwa anayejifunza mwenyewe

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nichague lipi, kuchora au ustailisti?" Wanaouliza ni vijana wenye madaftari yaliyojaa wasichana warefu wenye macho makubwa, na kabati wanalolipangua kila jioni. Jibu langu: usichague bado. Kama huna mwalimu, kazi hizi mbili zitafundishana. Stailisti, kwa asiyelijua neno, ni yule anayechagua nguo, kuzioanisha na kumvika mtu kwa ajili ya picha au jukwaa. Hashoni, hapigi picha, lakini lazima ajue kitambaa kinavyoanguka. Mchoraji wa mitindo naye lazima alijue hilo hilo.

Vifaa: penseli ya HB na ya 2B, karatasi za kawaida za fotokopi, simu yenye kamera, kioo, pini na vibanio. Karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba ni ya rangi za maji, kwa kuwa nyepesi hujikunja ikilowa. Usiinunue sasa. (Najua utainunua.)

Hatua ya 1: Mwili usimame kwanza

Chora mtu kwa dakika mbili, bila uso wala nguo. Anza na shimo la koo, pale kati ya mitulinga miwili, ushushe mstari wima mpaka chini. Mtu aliyeweka uzito wote kwenye mguu mmoja, mstari huo hutua karibu na kifundo cha mguu ule ule. Nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huo hushuka. Ukikosea hapa mchoro utaonekana unaanguka, na hakuna rangi itakayouokoa.

Mtu mzima ana urefu wa vichwa kama saba na nusu, yaani urefu wa kichwa chake mara saba na nusu. Michoro ya mitindo hutumia 9 au 10, na ziada hiyo huwekwa miguuni, hasa chini ya goti. Jifunze kwanza ule wa saba na nusu. Anayeanza na 10 hajui anachokirefusha.

Hatua ya 2: Tafuta nguo iliposhikwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mimi nilikaa miezi.

Nguo haielei hewani. Kila mara kuna mahali imeshikwa: bega, kifua, kiuno, nyonga, kiwiko, goti. Mikunjo yote huanzia hapo na kwenda kutafuta ardhi au kutafuta mahali pengine pa kushikwa. Chukua shati, litundike kwenye msumari mmoja. Utaona mikunjo inatoka kwenye msumari kama miale ya jua. Sasa litundike kwenye misumari miwili: kitambaa kati yake kitalegea kama bembea. Vaa shati lenyewe, kunja mkono mbele ya kioo: ndani ya kiwiko mikunjo inabanana, nje kitambaa kinanyooka hadi kinataka kupasuka. Chora zote tatu. Kesho rudia.

Ukishachoka na shati, badili kitambaa. Pamba ngumu hukunjika kwa pembe. Hariri hutiririka, mikunjo yake ni mingi na myembamba. Sufu nzito hutoa mikunjo michache, minene, ya duara. Ngozi utaijua kwa mng'ao mkali juu ya mgongo wa mkunjo na giza la ghafla pembeni yake. Kwa maneno mengine, humchorei mtazamaji kitambaa, unamchorea uzito.

Kosa la karibu kila mtu ni kuchora mikunjo yote aionayo. Chora mitatu inayobeba nguo, mingine iache karatasini ikiwa nyeupe.

Kuna jambo moja la mafundi cherehani ambalo wachoraji hulipita: mshazari. Kitambaa kikikatwa kwa pembe ya digrii 45 dhidi ya nyuzi zake hunyumbuka na kuufuata mwili bila kubanwa. Madeleine Vionnet, mbunifu wa Paris, alijulikana kwa ukataji huo miaka ya 1920, na alijaribia mawazo yake juu ya mwanasesere mdogo wa mbao kabla ya kukata nguo kamili. Kwa hiyo anayeniambia hana mwanamitindo wa kumchora, namwambia atafute mwanasesere na kipande cha kitambaa. Kiwe chepesi sana lakini; kizito hakianguki vizuri juu ya kiwiliwili kidogo, husimama kama hema.

Hatua ya 3: Vika kabla ya kuchora

Antonio Lopez, mchoraji wa mitindo mzaliwa wa Puerto Rico aliyefanya kazi New York na Paris hadi alipofariki mwaka 1987, alipenda kuchora watu hai waliovaa mbele yake, huku mshirika wake Juan Ramos akishughulikia upande wa ubunifu na mpangilio. Tazama michoro yake uone: mtu yule anajua amevaa nini.

Zoezi la hatua hii ni hili. Chagua nguo tano tu. Toa mionekano mitano bila kuongeza kitu. Chomeka shati nusu, pandisha mkanda, kunja mikono mara mbili, geuza koti nyuma mbele. Kila mwonekano upige picha, kisha uitie giza kwenye simu mpaka ibaki umbo jeusi. Kama maumbo mawili yanafanana, hujabadilisha kitu, umebadilisha rangi tu. Chora lile umbo, ndipo uingie ndani yake.

Kuchanganya vitu visivyokaa pamoja si fujo ukijua unachofanya. Ray Petri, stailisti wa London miaka ya 1980, aliweka koti la marubani la MA-1 na nguo za michezo karibu na suti, akawavika wanaume sketi. Kilichoyashika hayo yote ni umbo.

Hatua ya 4: Siku ya picha

Siku yangu ya kwanza niliazima gauni jeupe. Mwanamitindo alikuwa ameshapakwa vipodozi, nikalivuta gauni kichwani kwake, na ukosi ukabeba mdomo mzima mwekundu. Tangu hapo natembea na skafu nyepesi: inafunika uso kabla nguo haijapita.

Mengine niliyojifunza kwa aibu ndogo zaidi: bandika utepe wa karatasi kwenye soli za viatu vya kuazima, zisichubuke. Nguo pana ibane kwa vibanio mgongoni, kamera haitaviona, lakini mwambie mpiga picha asizunguke. Mahameli usiigandamize kwa pasi usoni, ipitishie mvuke tu. Hariri ijaribu kwanza upande wa ndani, matone ya maji huacha alama. Na piga picha ya kila nguo unapoipokea, ili doa la zamani lisije likawa lako.

Hatua ya 5: Kuingiza mchoro kwenye kompyuta

Skani kwa nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 utakuwa na pikseli 2480 kwa 3508. Ukitaka kuukuza mara mbili, skani kwa 600. Huna skana? Weka karatasi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba na karatasi, rudi nyuma kidogo ukuze. Kumbuka kijani na bluu zinazowaka kwenye skrini hufifia zikichapwa.

Hatua ya 6: Potifolio

Potifolio ni mkusanyiko wa kazi zako unaowaonyesha watu. Kazi 12 hadi 15 zinatosha. Weka mchoro na picha ya mavazi yale yale uliyoyapanga, ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo unapowashinda wanaojua fani moja tu.

Maswali ya wanachama

*PenseliButu:* Mikono inanishinda. Wahusika wangu wote wameiweka mifukoni. Nitagundulika?

Umeshagundulika, ndugu yangu. Mfuko si dhambi, ila mkono ulio mfukoni unavuta suruali, na mkunjo huo hujauchora. Anza na mkono kama glavu isiyo na vidole: kiganja, kisha kifurushi cha vidole vinne, kisha dole gumba. Vidole vitengane mwisho.

*Rinda_na_Wino:* Mwalimu, huo urefu wa vichwa 10 si ndio unaowafanya wasichana wauchukie mwili wao?

Swali zuri, na sina jibu la kuufunga mjadala. Urefu ule ulizoeleka kwa sababu unaonyesha nguo, hasa sketi na suruali, lakini nguo hukaa pia juu ya mwili mfupi na mnene, na mikunjo yake ni ya kuvutia zaidi kuichora kwa sababu sehemu zinazoshika ni nyingi. Mimi siku hizi nachora vichwa nane. Mteja akitaka 10 anasema.

*Mgeni77:* Nimenakili picha ya jarida kwa penseli, imetoka kama ilivyo. Naweza kuiuza?

Kunakili ili ujifunze, sawa. Kuuza ni jambo jingine: picha ile ina mwenye hakimiliki, na penseli haikuhamishii haki hiyo. Omba ruhusa, au fanya kama hatua ya 3, upige picha yako mwenyewe.

*Rinda_na_Wino:* Nirudi tena. Yule bata maji wa manukato ya Dior, mchoro au picha?

Mchoro, wa René Gruau, mwaka 1947: bata maji mweupe, lulu shingoni, utepe mweusi. Hakuna nguo hata moja ndani yake, na bado umejua ni ya Dior. Unakili mara moja kwa brashi na wino uone mistari ilivyo michache.

*KibanioKimoja:* Kuna mtu anauza nguo, anataka nimpangie picha bure, ati atanitangaza.

Dada, tofautisha. Mpiga picha, mpambaji, mwanamitindo na wewe mkikutana ili kila mmoja apate picha za potifolio, bure ni halali, hakuna anayeuza. Huyo anauza. Muulize kwa maandishi picha zitatumika wapi na kwa muda gani, jina lako litaandikwa wapi, na nani atalipa gauni likichanika. Akikosa jibu la hilo la mwisho, usibebe nguo zake hata moja.