Mwezi wa kutotumia hela ovyo: jinsi ya kuupanga na familia nzima mkaumaliza bila ugomvi

Watu wengi wanapenda kuanza hii kitu Januari, na kwakweli ndio mwezi mbaya kuliko yote, mshahara wa Desemba ulitoka mapema kabla ya sikukuu, siku ziko 31, shule zinafunguliwa, watoto wanadai sare na viatu na madaftari, alafu mwenye nyumba nae anataka kodi yake ya miezi mitatu au sita. Hapo hamjajipanga, mmebanwa tu. Chagueni mwezi wa kawaida, Februari iko poa maana ni fupi, na kama hamjawahi kabisa anzeni na wiki mbili, mkiona inaenda mnaongeza.

Kabla ya kuweka sheria yoyote tafuteni kwanza hela zinapovujia. Kila mtu mzima afungue meseji za miamala za mwezi uliopita, M-Pesa, Airtel Money, Mixx, zote, muandike kwenye daftari moja. Kodi na ada achaneni nazo, hizo mnazijua. Tafuteni vidogo: bando la kila siku, boda, chips, soda, lipa namba za usiku, makato ya kutuma na kutoa. Chukua mfano boda ya stendi mpaka nyumbani buku kwenda buku kurudi, siku 22 za kazi ni 44,000, watoto wawili jero jero ya shule kwa siku 20 ni 20,000, yaani ushafika 64,000 na bado hujataja kitu chochote cha maana. Namba kama hizo zikiwa mezani kila mtu anajiona mwenyewe, lakini ukianza na "nyie humu ndani mnatumia sana" kikao kimeishia hapo.

Kikao chenyewe baba na mama wakae peke yao kwanza. Hili nalisisitiza sana kwa sababu kwenye nyumba nyingi mzigo wote unaishia jikoni, mama anapunguziwa hela ya matumizi na anaambiwa abane, huku vinywaji vya jioni na mikeka ya kubeti ya wikiendi havijaguswa. Huo sio mwezi wa familia, ni mwezi wa mama kuteseka. Kila mtu mzima ataje kitu chake kimoja anachokipenda na atakiacha, akitaje kwa mdomo wake, ndipo muwaite watoto na dada wa kazi nao wasikie na waseme.

Sheria ziwe chache. Vinavyoruhusiwa: kodi, ada, nauli ya kazini na shule, umeme, maji, gesi, dawa, mshahara wa dada (huo usiguswe hata siku moja, yeye hajaingia kwenye shindano lenu), hisa za kikoba, sadaka, na ile hela mnayomtumia mzazi kijijini. Msiba na ugonjwa havipangiwi, tengeni kiasi pembeni. Vinavyofungwa: nguo mpya, vyombo, kula nje, vinywaji, vitu vya kuagiza mtandaoni, saluni za kila wiki, boda pale ambapo miguu inafika na ni salama, maana binti akitoka kazini usiku apande boda, hapo hakuna mjadala.

Sasa chakula, hapa ndo penye kazi. Kosa linalofanyika sana ni kwenda sokoni siku moja kabla na kujaza ndani kila kitu, mnamaliza hela ya mwezi kwa siku moja alafu mnasema hamtumii. Anzeni na kabati. Toeni kila kitu nje, ule unga wa dona uliobaki, choroko, njegere, dagaa walioletwa na shangazi, tambi za Ramadhani iliyopita, viandikwe, angalieni tarehe, alafu mpangilio wa chakula wa wiki utoke kwenye orodha hiyo na genge lijazie tu nyanya, vitunguu, mboga za majani na nazi. Hela ya genge itolewe keshi ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja na ikae kwenye bahasha jikoni, hivo mnakatwa makato ya kutoa mara moja, na kila mtu anaona imebaki shingapi. Maharage yalowekwe usiku, yachemshwe mengi, yagawanywe kwenye makopo yaingie friza, gesi ya kilo 6 itakaa siku nyingi zaidi. Mafuta ya kula na sukari msinunue kwa kupima kidogo kidogo kila siku, ukijumlisha vile vipimo lita moja inakuwa bei juu kuliko kununua lita nzima. Ila maziwa, mayai na matunda ya watoto wadogo yasiguswe.

Na kukopa kwa mangi ni kutumia! Mnafika mwisho mnashangilia kumbe daftari la dukani limejaa jina lenu. Mkamuone mangi mapema, mwambieni asimpe mtoto yeyote kitu kwa mkopo mwezi huu. Songesha na mikopo mingine ya simu hivo hivo, inarudi na makato juu.

Michango ya harusi inawabana watu kwa aibu. Ahadi uliyoweka kabla lipa, mpya ikija mpigie mwekahazina mwambie nitatoa mwezi ujao tarehe fulani, taja tarehe, watu wa kamati wanaheshimu tarehe kuliko maneno mengi. Umeme pia mjue LUKU ya kwanza ya mwezi inakatwa kodi ya jengo humo humo, msije mkagombana nani kamaliza uniti.

Watoto wapeni kazi ya kweli. Mwenye mwandiko mzuri ashike daftari, aandike kila kinachotoka, na awe na ruhusa ya kumuuliza hata baba. Waelezeni hela mnaikusanya kwa ajili ya nini, sio kuwaambia "hatuna hela", mtoto anaenda kulala na wasiwasi au anampigia bibi analia. Na kila wanachokitamani kiandikwe ukurasa wa nyuma na tarehe, mwezi ukiisha mnakipitia pamoja, vingi watavifuta wenyewe. Jioni kuna rede, karata, bao, kamba, Jumapili tembeeni kwa ndugu wa karibu mnaofika kwa miguu, na mwenye zamu ya kupika akaange mandazi ya nyumbani mbebe.

Hela isiyotumika isibaki kwenye laini. Kila Ijumaa hesabuni kilichookolewa kikaingie siku hiyo hiyo kwenye kibubu, kikoba au akaunti ya benki ambayo haina kadi mfukoni kwa mtu. Mwezi ukiisha zile siku tatu za mwanzo ndo hatari, watu wanajilipiza, kwa hiyo amueni kabla hela inaenda wapi, iwe ni ada ya muhula au gunia la mchele wakati wa mavuno bei ikishuka, na aliyeshika daftari awepo siku ya kulipa aione inavyotoka.