Jifunze gofu kuanzia shimoni: mwongozo kwa anayeanza

Mtu anayeshika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza hutaka jambo moja tu: kuuona mpira ukipaa mbali. Mimi pia nilianza hivyo. Miezi yangu ya mwanzo niliimaliza kwenye eneo la mazoezi nikipiga mikwaju mirefu, ndoo moja ya mipira baada ya nyingine. Nilipoingia uwanjani kucheza kweli, nilikuwa nafika karibu na shimo kwa mikwaju mitatu, kisha natumia minne mingine kuutumbukiza mpira ulio hatua kumi tu kutoka shimoni. Kwa hiyo wanafunzi wangu nawafundisha kinyume: tunaanzia shimoni, halafu tunarudi nyuma kidogo kidogo.

Maelezo haya ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Hatua ya 1: Jua unachohesabu

Mchezo kamili una mashimo 18. Idadi hiyo ilitoka St Andrews, Uskoti, ambako mwaka 1764 mzunguko wa mashimo 22 ulipunguzwa ukawa 18, na viwanja vingine vikafuata baadaye. Kila shimo unaanzia kwenye eneo la kuanzia, linaloitwa tii, na unamaliza mpira unapotumbukia kwenye shimo lililo kwenye grini, yaani pale penye nyasi zilizonyolewa chini kabisa na bendera imesimama. Anayetumia mikwaju michache ndiye mshindi.

Kila shimo lina pari, idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari: 3, 4 au 5. Ukimaliza kwa mkwaju mmoja pungufu umepata badi, ukizidisha mmoja umepata bogi. Viwanja vingi vina jumla ya pari 72. Sasa angalia jambo hili: pari hukadiriwa kwa kudhani kwamba mpira ukishafika kwenye grini utahitaji mikwaju miwili ya kusukuma, yaani kuubingirisha ardhini hadi shimoni. Miwili mara 18 ni 36, nusu nzima ya 72. Ndiyo maana tunaanzia hapo.

Hatua ya 2: Usibebe fimbo nyingi

Kanuni zinaruhusu fimbo 14 zisizidi. Anayeanza zinamtosha tano: fimbo ya kusukumia, weji moja (fimbo ya mikwaju mifupi, yenye uso uliolala sana), chuma namba 9 na chuma namba 7 (fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma), na fimbo moja ndefu ya mseto. Draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, iache kwanza. Uso wake, yaani sehemu inayogonga mpira, umesimama karibu wima, hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa angani. Kadiri namba ya chuma inavyopanda, ndivyo uso unavyolala zaidi na mpira kwenda juu zaidi na karibu zaidi.

Hatua ya 3: Kusukuma

Shimo lina kipenyo cha milimita 108. Mpira una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Kwa hiyo mlango ni upana wa mipira miwili na nusu, lakini hiyo ni kwa mpira unaokwenda polepole. Mpira unaokwenda kasi unaruka ukingo na kupita, kana kwamba shimo limefinywa. Kwenye grini mwendo wa mpira ni muhimu kuliko mwelekeo, na wengi huligundua hili wakiwa wamechelewa.

Simama macho yako yakiwa juu ya mpira. Shika mpini kwa viganja viwili vinavyotazamana, bila kukaza. Fimbo iendeshwe na mabega, kama timazi inayoning'inia na kuyumba, viganja vitulie. Urefu wa kuirudisha nyuma ndio unaoamua mpira uende umbali gani, si nguvu ya kugonga.

Zoezi la kwanza: weka mipira minne kulizunguka shimo, kila mmoja hatua moja kutoka shimoni, uitumbukize yote. Ukikosa mmoja, anza upya. Zoezi la pili ndilo ninalolipenda zaidi: sogea hatua kumi, sukuma mipira mitano, na usijali kutumbukiza. Lengo ni kila mpira usimame ndani ya hatua moja kutoka shimoni. Ukishaweza hivyo, mikwaju mitatu kwenye grini moja itakuwa nadra.

Kabla ya kusukuma, tazama mteremko ukiwa upande wa chini wa shimo. Kutoka huko jicho huona vizuri zaidi mpira utakakovutwa.

Hatua ya 4: Mkwaju mfupi kando ya grini

Chukua weji au chuma namba 9. Miguu iwe karibu, mpira uwe nyuma kidogo ya katikati, uzito zaidi uwe mguu wa kushoto, na mikono iwe mbele kidogo ya mpira. Halafu fanya mwendo uleule wa kusukuma, mabega yakiongoza, fimbo ikikwangua nyasi. Mpira uruke kidogo, utue mapema kwenye grini, kisha ubingirike wenyewe hadi shimoni.

Kosa la hapa nimeliona kwa karibu kila mwanafunzi: anajaribu kuuchota mpira kama anayechota maji kwa kata. Uzito unarudi mguu wa nyuma, fimbo inagusa ardhi kabla ya mpira, au inaupiga mpira tumboni na unakwenda ng'ambo ya grini. Mpira hauhitaji kuinuliwa. Uso wa fimbo tayari umelala, na kazi hiyo ni yake. Wewe gonga ukielekea chini, nao utapanda.

Hatua ya 5: Mkwaju kamili

Anza na chuma namba 7. Mpini ulale kwenye vidole vya mkono wa kushoto, usiingie ndani ya kiganja. Ukitazama chini, uone vifundo viwili vya mkono huo. Mkono wa kulia ukae chini yake, kiganja kikifunika dole gumba la kushoto. Kidole kidogo cha kulia unaweza kukipandisha juu ya mkono wa kushoto, namna iliyoenezwa na Harry Vardon, bingwa wa mashindano ya The Open mara sita. Wenye mikono midogo wengi hupenda kukifunganisha na kidole cha shahada cha kushoto. Shika kwa ulaini ambao mtu angeweza kuichomoa fimbo kwa kuivuta kidogo tu.

Kisha elekeza. Simama nyuma ya mpira, chagua alama iliyo karibu mbele yake kwenye mstari wa shabaha, labda jani au doa la udongo. Uweke uso wa fimbo uitazame alama hiyo kwanza, ndipo upange miguu. Miguu na shabaha viende sambamba kama reli mbili.

Sasa piga nusu tu: kutoka kiunoni hadi kiunoni. Baki hapo kwa siku nyingi. Mpira unaotoka safi kwa nusu mwendo ni ushahidi kwamba unaweza kuongeza. Unapoongeza, geuza mgongo uelekee shabaha, kisha anza kurudi kwa nyonga kabla ya mikono. Malizia ukiwa umesimama juu ya mguu wa kushoto, tumbo likitazama shabaha, na utulie hivyo hadi mpira utue. Asiyeweza kutulia mwishoni ametumia nguvu kupita kipimo.

Mpira ukikunja kulia kila mara, tazama uso wa fimbo kwanza. Mara nyingi uko wazi unapogonga, na chanzo ni mshiko dhaifu wa mkono wa kushoto, yaani mkono uliogeukia kushoto mno, si uliolegea.

Hatua ya 6: Mchangani

Kwenye shimo la mchanga usiuguse mpira. Fungua uso wa weji, piga mchanga kiasi cha vidole viwili nyuma ya mpira, na uendelee hadi mwisho bila kusita. Mchanga ndio unaoutoa mpira. Kabla ya kupiga huruhusiwi kujaribia fimbo kwa kugusa mchanga, na ukimaliza sawazisha kwa reki.

Hatua ya 7: Ingia uwanjani

Anza na mashimo tisa, saa ambazo uwanja hauna watu wengi. Usalama kwanza: tazama nyuma na pembeni kabla ya kuzungusha fimbo, usitangulie mbele ya anayepiga, na mpira wako ukielekea kwa watu piga kelele "Foo!" papo hapo.

Kanuni za kwanza kuandikwa, zile 13 za Leith, Uskoti, mwaka 1744, zilitosha ukurasa. Za leo ni ndefu, lakini nne zitakuvusha. Piga mpira ulipolala. Ukipotea, una dakika tatu za kuutafuta. Usipopatikana, au ukivuka vigingi vyeupe, unaongeza mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi ulipopigia. Ukiingia eneo la vigingi vyekundu, ongeza mkwaju mmoja na uangushe mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipovuka, usiwe karibu zaidi na shimo. Kuangusha ni kutoka usawa wa goti.

Kwenye grini usikanyage mstari wa mwenzako, na uzibe alama iliyoachwa na mpira ulipotua.

Hesabu kila mkwaju, hata ule uliokusudia kupiga ukakosa mpira kabisa. Kwa kanuni huo ni mkwaju. Kwenye kadi weka safu mbili: jumla ya mikwaju ya shimo, na mikwaju uliyosukuma kwenye grini. Baada ya mashimo tisa jumlisha safu ya pili. Ikizidi 18, kesho rudi hatua ya 3.