Kurejesha Pontiac GTO ya 1966 Nyumbani kwa Vipuri vya Enzi Yake

Pontiac GTO haikuanza kama gari lenye jina lake. Mwaka 1964 ilikuwa kifurushi cha nyongeza ambacho mnunuzi wa Tempest LeMans, gari la Pontiac la ukubwa wa kati, aliweza kukiagiza, kwa sababu General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imeweka kikomo cha inchi za ujazo 330 kwa injini za magari yake ya ukubwa wa kati, na wahandisi wa Pontiac, ambao mkuu wao alikuwa John DeLorean, waliona kwamba kikomo hicho kiligusa modeli lakini hakikugusa orodha ya nyongeza. Wakaipitisha injini ya inchi za ujazo 389, yaani karibu lita 6.4, kwa njia hiyo. Mwaka 1966 GTO ikawa modeli kamili, na yakauzwa magari 96,946. Ndiyo maana magari ya mwaka huo bado yanapatikana Marekani kwa mtu mwenye gereji ya nyumbani na subira ya kutosha, na ndiyo maana pia mengi yamekwisha kuchanganywa vipuri vya kila aina.

Katika kazi hii ninashikilia utaratibu mmoja. Kipuri kilichotoka kiwandani na gari lenyewe, hata kikiwa kimechakaa, hukarabatiwa kwanza. Kikishindikana, hutafutwa kipuri cha asili chenye tarehe inayolingana na ya gari. Kipuri kipya cha kuiga huja mwisho, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu unategemea kipuri hicho, na nitapataja.

Hatua ya 1: Lisome gari kabla ya kushika spana

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yenye bawaba, ambako kuna bamba la namba ya gari. GTO halisi ya 1966 huanza na 242. Inayoanza na 237 ni LeMans, hata kama imebandikwa nembo zote za GTO. Tarakimu mbili zinazofuata hueleza bodi: 07 ni kupe yenye nguzo katikati ya vioo, 17 ni ile isiyo na nguzo hiyo, na 67 ni yenye paa la kukunja. Kisha huja 6 ya mwaka, na herufi ya kiwanda, ambayo kwa magari yaliyoundwa katika mji wa Pontiac, Michigan, ni P.

Funua boneti utafute bamba la Fisher Body, watengenezaji wa bodi za General Motors, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Juu yake pana alama za rangi, za vitambaa vya viti na za wakati wa kuundwa: 03B ni wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Iandike alama hiyo mahali utakapoiona kila siku, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kila ununuzi wako. Bloku ya injini ina tarehe yake ya kusubiwa, nyuma karibu na distributa. B146 ni tarehe 14 Februari 1966. Alteneta ya Delco-Remy iliyogongwa 6B18 ilitengenezwa tarehe 18 Februari 1966. Vipuri hivyo viwili vinalifaa gari la 03B, kwa sababu vilitengenezwa wiki chache kabla yake. Alteneta ya mwezi wa tano, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haikuwapo siku gari hilo lilipotoka kiwandani.

Mbele ya bloku, upande wa abiria chini ya silinda hedi, pana herufi mbili na namba ya injini. WT ni injini ya nguvu farasi 335 yenye kabureta moja ya Carter ya midomo minne na gia za mkono, ilhali WS ni ile ya Tri-Power yenye kabureta tatu za Rochester na nguvu farasi 360. Namba hiyo ya injini haifanani na namba ya gari, kwani Pontiac haikuwa bado ikigonga namba ya gari kwenye bloku. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba namba zinalingana akuonyeshe karatasi. Pontiac Historic Services hutoa nakala za kumbukumbu za mauzo ya kiwanda, na kadi ya gari la 1966 huonyesha namba ya injini pamoja na nyongeza zote zilizoagizwa. Agiza nakala hiyo kabla ya kununua kipuri chochote.

Hatua ya 2: Fungua kwa utaratibu

Pandisha gari juu ya stendi nne imara kwenye sakafu ya zege. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Piga picha kila eneo kabla na baada ya kulifungua, na weka bolti za kila kipande katika mfuko wake wenye maandishi. Usizichanganye kwa kuamini kwamba utanunua pakiti mpya, kwa sababu vichwa vya bolti za asili vina alama za watengenezaji wake, na bolti mpya isiyo na alama hizo huonekana mara moja. Zioshe, uzipeleke zikapakwe upya fosfeti nyeusi au zinki kulingana na ilivyokuwa kila moja.

Futa uchafu wa chesesi kwa upole ukitumia kitambaa na mafuta mepesi kabla ya kufikiria kupiga mchanga. Chini ya tope la miaka 60 hujitokeza mistari ya chaki na madoa ya rangi waliyoweka wafanyakazi wa kiwandani kuonyesha kwamba bolti imekazwa au springi sahihi imewekwa. Yapige picha ukiwa umeweka rula pembeni, ili uweze kuyarudisha mahali pake hasa.

Vumbi la rangi ya zamani huenda likawa na risasi, na viatu vya breki, sahani ya klachi na gasketi za wakati huo vilitengenezwa kwa asbesto. Usivipulize kwa hewa ya kompresa. Vilowanishe, vaa barakoa ya chujio linalofaa, na watoto wasikaribie.

Hatua ya 3: Kutu

Katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, hapa ndipo bajeti huishia. Gari hili lina ugonjwa wake: maji hutuama chini ya urembo wa chuma unaozunguka kioo cha nyuma, hula bati taratibu, kisha hudondokea ndani ya buti. Inua zulia la buti uchokoe sakafu yake kwa bisibisi. Ikizama, usiishie kuziba sakafu. Ondoa kioo cha nyuma uanzie kule juu maji yanakoingilia, la sivyo kiraka chako kitaoza tena. Kagua pia sakafu ya miguu, ncha za chini za mabawa ya mbele, mahali bodi inapokaa juu ya chesesi, na sehemu ya chesesi iliyo mbele ya magurudumu ya nyuma, ambako tope hujikusanya.

Kata bati bovu tu. Napendelea kipande kidogo kilichokatwa kutoka gari bovu la aina hiyohiyo kuliko paneli nzima ya kuiga, kwa sababu mikunjo ya paneli mpya mara nyingi hupishana kidogo na ya asili, na tofauti hiyo hujitokeza kwenye nafasi kati ya mlango na bawa. Shikiza kiraka kwa vidoti vya kuchomelea vilivyoachana, ruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili bati lisijikunje kwa joto, na ufunge milango kila baada ya hatua chache kuhakikisha kwamba inaingia kama mwanzo.

Hatua ya 4: Injini

Kutoboa silinda na kusaga krenki ni kazi ya karakana yenye mashine. Kupima, kusafisha na kuunga unaweza kufanya nyumbani. Jambo la kuamua mapema ni mgandamizo. Kiwandani injini hii ilikuwa na uwiano wa 10.75 kwa 1, ikitegemea petroli ya oktani ya juu iliyotiwa risasi, ambayo haiuzwi tena kwenye vituo. Ushauri wangu ni kuweka pistoni zitakazoushusha uwiano hadi karibu 9.5, na kuomba karakana iweke viti vigumu vya valvu za moshi. Mabadiliko hayo hayaonekani kwa nje wala hayaharibu kipande chochote cha asili, na injini huepushwa na kugonga.

Kaza bolti za silinda hedi kwa spana ya kupimia nguvu, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, hadi pauni-futi 95. Mpangilio wa kuwasha ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 1 ni ya mbele upande wa dereva, na distributa huzunguka kinyume cha saa. Bloku ipakwe buluu hafifu yenye mng'ao wa metali, ambayo ndiyo rangi ya Pontiac ya mwaka huo.

Ukifungua kabureta, badilisha vipande vyote vya mpira, na mabomba ya mpira ya mafuta pia, kwa vile vinavyostahimili ethanoli, kwa sababu petroli ya sasa huozesha mpira wa zamani. Kifuniko cha nje na vyuma vyake vibaki vya asili.

Hatua ya 5: Umeme na breki

Waya za kuiga zilizo bora hufungwa kwa utepe usio na gundi kama ulivyokuwa. Kabla ya kufunga wayaringi mpya, hakikisha kwamba una waya wa upinzani unaokwenda kwenye koili. Bila waya huo platini huungua upesi. Distributa ya Delco-Remy ina kidirisha kidogo kwenye kifuniko. Injini ikiwa inanguruma polepole, inua kidirisha, ingiza ufunguo wa Allen, zungusha kufuata saa hadi injini ianze kukosakosa, kisha urudishe nusu mzunguko. Ukiwa na kipimo cha dweli, yaani pembe ambayo platini hubaki zimefungwa, kisome digrii 30.

Breki ndipo ninapoacha usafi wa enzi. Gari hili lilitoka na masta silinda ya chumba kimoja, ikilisha ngoma nne za inchi 9.5, na bomba moja likipasuka breki zote hupotea. Mwaka 1967 General Motors waliweka masta ya vyumba viwili. Funga ya aina hiyo iliyokusudiwa breki za ngoma, tenganisha mabomba ya mbele na ya nyuma, na uihifadhi ya asili kwenye sanduku lenye jina lake.

Hatua ya 6: Rangi

Kiwandani ilitumiwa laka ya akriliki, iliyopashwa moto ikajilainisha yenyewe, ikaacha uso wenye vinundu vidogo. Rangi za kisasa zenye tabaka nene la uwazi huling'arisha gari kupita lilivyokuwa. Chagua rangi ya tabaka moja. Kunyunyiza rangi inayochanganywa na kigumishi chenye isosayaneti hakufai katika gereji ya nyumbani isiyo na hewa safi ya kulishwa kwa bomba, kwa kuwa barakoa ya kawaida haitoshi. Andaa bodi mwenyewe, upeleke kunyunyiza kwa wenye chumba maalumu.

Hatua ya 7: Kuwasha na kuendesha

Kamshafti mpya ya gari hili hutaka mafuta ya injini yenye zinki ya kutosha. Hakikisha kabureta ina petroli, taimingi imekaribia kuwa sahihi na rejeta imejaa kabla ya kugusa ufunguo, maana injini inatakiwa ishike mara moja. Ikishika, ipandishe hadi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, uipandishe na kuishusha kidogo ndani ya kiwango hicho kwa dakika 20 hadi 30, bila kuiacha isinzie. Mtu wa pili aangalie shinikizo la mafuta, joto na uvujaji. Kisha zima, mwaga mafuta pamoja na chujio, ukate chujio utazame kama lina vipande vya chuma.

Tairi za mwaka huo zilikuwa 7.75-14 zenye mstari mwekundu, na za kuiga zinatengenezwa. Muundo wake wa zamani hufuata mifereji ya barabara, kwa hiyo safari za kwanza ziwe fupi na za mwendo wa wastani. Baada ya maili 500 badilisha mafuta tena, kaza upya bolti za manifoldi za moshi na za sehemu ambazo bodi inakaa juu ya chesesi, na ufungue ngoma za breki kukagua kama silinda za magurudumu zinavuja.